CD za Kufukuza Ndege

Siku Godelive alipokubali kabati litolewe, alifanya kama mtu anayeng'olewa jino. Alifumba macho, akasema, "Toa upesi."

Kabati lile lilikuwa limesimama kwenye ukuta wa nyuma wa duka lake, katika mtaa wa Lumumba mjini Bunia, kwa miaka kumi na minane. Halikuwa na nguo wala vyombo. Lilijaa CD, nyingine ndani ya vifuko vya plastiki, nyingine zimerundikwa kama chapati za arusi, na karibu zote zilikuwa na maandishi yake mwenyewe ya kalamu nzito nyeusi: jina la programu, mwaka, na mahali ilipotumika mara ya kwanza. Watu wa mtaa waliliita duka hilo Sekretaria ya Mama Ornella. Hapo walichapiwa barua zao, wakatolewa fotokopi, na zamani, kabla mambo hayajabadilika, hapo ndipo kompyuta zilizokufa zilipofufuliwa.

Ornella, binti yake wa miaka ishirini na minne, alikuwa anautaka ukuta ule autundikie kitambaa cheupe cha kupigia picha za pasipoti. Hakuwa mtoto wa kumdharau mama. Alisema tu kilicho kweli.

"Mama, ordi mupya haziko hata na tundu ya CD. Utaingizia wapi?"

"Najua."

"Na système inashuka yenyewe na internet. Unabonyeza, unangojea, imeisha."

"Nimesema najua, Ornella. Toa upesi."

Walizimimina kwenye gunia la mchele. Wakati huo alikuwepo dukani mkulima mmoja, Blanchard, mwenye shamba ng'ambo ya mto Shari, aliyekuja kutoa fotokopi za karatasi za shamba lake. Aliona zile CD zinavyometameta zikiingia guniani, akasahau karatasi zake mezani.

"Mama Ornella, hizi munatupa? Nipatie miye. Mutama yangu inaanza kuweka mbegu na ndege wananimaliza. Kitu yenye inangaa namna hii, ndege hawezi kukaribia."

Godelive alilitazama gunia. Jalala la soko lilikuwa karibu, na mvua ilikuwa inaliosha kila jioni. Afadhali zikalinde mtama wa mtu, aliwaza. "Beba," akasema. Blanchard akalifunga gunia nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira, akaondoka anashukuru. Godelive akamtazama mpaka alipokata kona, kisha akachukua ufagio akafagia mahali ambapo Ornella alikuwa ameshafagia.

Mtu asiyeijua miaka ile angeshangaa. Mwaka wa elfu mbili na sita, bunduki ziliponyamaza kidogo Ituri, parokia na shule na vituo vya afya vilianza kupewa kompyuta za msaada. Nyingi zilifika zikiwa tupu, hazina ule mfumo unaoifanya mashine iamke na kumjua mwenyewe, au mfumo wake ulikwisha kuliwa na virusi. Internet mjini ilikuwa ya kuchungulia tu: ukifungua barua moja, unakunywa chai mbili. Hakuna aliyeota kwamba mfumo mzima ungeweza kushuka kutoka hewani. Aliyekuwa na CD ya kuuwekea ndiye aliyekuwa na dawa.

Godelive aliuza cherehani yake. Yeye na Xavier, jirani aliyejifunza naye ufundi kwa mwalimu mmoja, wakapanda lori hadi Mahagi, wakavuka hadi Arua, wakashuka Kampala, na baada ya siku tisa walirudi Bunia na CD moja. Haikuwa ya kuchomwa na mtu kichochoroni. Ilikuwa ya asili, imetoka kiwandani, na mgongoni ilikuwa na picha ndogo iliyobadilika rangi ukiigeuzageuza juani. Kwa wiki nzima watu walikuja kuitazama tu.

Kisha wakaanza kutembea nayo. Xavier aliendesha pikipiki, Godelive alikaa nyuma amepakata sanduku la CD kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Walifika Fataki, walifika Mongbwalu, walifika Gety, na kila walipofika ilikuwa kama arusi. Kuweka mfumo kulichukua saa nzima na zaidi, na ile saa haikuwa ya bure. Watu walileta viti. Mama wa parokia alichemsha viazi. Huko kwa wafugaji waliletewa maziwa kwenye kibuyu, na mashine ikinguruma pale mezani, wenyeji wakawa wanauliza habari za barabara, nani amerudi, nani hajarudi bado.

Katikati ya kazi mashine ilisimama na kudai namba ya siri, herufi na tarakimu ishirini na tano. Hapo Xavier alishika jalada la CD akasoma kwa sauti, na Godelive akaandika. Ili asikosee herufi, Xavier aliipa kila moja jina la mji, na tarakimu akazitaja kwa Kifaransa. "G sawa Gety! Sept! F sawa Fataki! D sawa Djugu!" Watoto waliokuwa dirishani walirudia. Siku ile wako Fataki kwenyewe, ilipofika F watu wazima walipiga makofi kana kwamba mji wao umetajwa redioni.

Hayo yalidumu miaka sita au saba. Halafu simu zikawa nyingi, barabara zikafungwa tena na vita, na kompyuta mpya zikaanza kuja zikiwa na mifumo yake tayari. Juzijuzi tu, Xavier alipandisha sahani ya setelaiti juu ya paa la duka lake, milango mitatu kutoka kwa Godelive, upande wa pili wa barabara. Akawa anawaonyesha wateja mbingu kwa kidole. "Sasa système inatoka huko juu," anawaambia, na wateja wanacheka, na wanaingia kwake. Siku moja, mbele za watu, alisema kabati la Godelive ni makaburi. Alisema kwa utani. Tangu siku hiyo, wale wawili waliokuwa wamekula kibuyu kimoja kutoka Fataki mpaka Gety, walibaki na salamu tu. Jambo. Jambo. Basi.

Wiki tatu baada ya gunia kwenda shambani, Jumanne asubuhi, pikipiki ilisimama mbele ya Sekretaria. Nyuma yake alikuwa amekaa mtawa, uso na shela vimejaa vumbi jekundu, na kati yake na dereva kulikuwa na kitu kimeviringishwa blanketi na kufungwa kwa kitenge. Godelive alidhani ni mgonjwa.

"Ni mugonjwa kweli," alisema mtawa alipoteremka. "Lakini si wa muganga."

Alikuwa Masœur Bénédicte, muuguzi anayesimamia kituo kidogo cha afya upande wa Gety. Ndani ya blanketi kulikuwa na kompyuta kubwa ya zamani, ile ya sanduku la kusimama.

"Ikala kwanza, Masœur," Godelive alisema, akamfutia kiti. "Ornella, leta maji. Haya, tueleze."

Masœur alikunywa, akaeleza. Kituo chao kiliandika kila mtoto aliyezaliwa pale tangu mwaka wa elfu mbili na tisa, kwenye daftari na kwenye kompyuta, kwa programu maalumu iliyoletwa na mradi mmoja wa kizungu. Mara ya mwisho watu walipokimbia, daftari zilibaki. Waliporudi, zilikuwa majivu. Kompyuta ilipona kwa sababu mlinzi aliifukia kwenye shimo la mihogo, imefungwa nailoni. Basi mwezi uliopita alipita kijana wa shirika, mtu mwema, mwenye internet ya mkononi. Akaiona mashine inaandika kwamba mfumo wake umezeeka na hautatunzwa tena. Akasema, ngoja niwape mpya, ni bure, unashuka wenyewe. Ulishuka usiku kucha na mchana wake.

"Ilikuwa mupya kweli," Masœur alisema. "Inangaa. Lakini kufungua masajili ya watoto, hakuna. Ya zamani ilimezwa. Na Ijumaa, directeur wa shule anataka attestation ya kuzaliwa ya kila mutoto wa sixième, darasa la sita. Bila ile, hawaandikwe kwa mutihani. Wako quarante et un. Wazazi wao walikimbia na nguo ya mwili tu, Mama Ornella. Hawako na karatasi hata moja."

Godelive aliiunganisha kompyuta na kioo, akaiwasha. Mfumo mpya ulifunguka na picha yake nzuri ya ziwa na milima. Akatafuta. Faili za masajili zilikuwepo, hazikufutwa, lakini alipofungua moja ilimwonyesha alama za ajabu, kama nyayo za kuku kwenye matope.

Masœur akatoa bahasha ndani ya kitabu cha sala. Ndani yake mlikuwa na CD ya ile programu ya masajili. Aliitunza miaka kumi na sita. Godelive aliiingiza. Mfumo mpya ukaisoma, ukafikiri, ukakataa: programu hii haiwezi kufanya kazi hapa.

"Inamutafuta muzee mwenzake," Godelive alisema polepole. "Inataka système yenye ilikuwaka mbele."

"Yenye muliwekaka weye na Papa Xavier," Masœur alisema. "Nilikuwa novisi. Nakumbuka sana. Mulikula mbuzi yetu mukamaliza."

Godelive alicheka, halafu kicheko kikamfia mdomoni, maana alikuwa amekumbuka gunia.

Alisimama mlangoni akaitazama ile sahani juu ya paa la Xavier. Kuna wakati mtu anameza mate na mate yanakuwa mazito kama ugali wa jana. Aliyameza, akavuka barabara.

Xavier alikuwa anakula karanga mbele ya kioo cha kompyuta yake. Alipomwona alisimama, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu.

"Mama Ornella. Kuko nini?"

Alimweleza. Xavier hakuuliza mara mbili. Aliketi akaanza kutafuta ule mfumo wa zamani mtandaoni. Kwa watengenezaji wenyewe kulikuwa na mpya tu, ile ile yenye ziwa na milima. Ya zamani waliiondoa, hata jina lake hawakulitaja. Akatafuta mahali pengine. Palikuwa na watu wengi wanaosema wanayo. Alishusha moja. Ilipofika, mashine yake ilipiga kelele, ikajaa matangazo ya kamari na wanawake, na alama nyekundu ya hatari ikasimama katikati.

"Hii siwezi kuingizia Masœur," Xavier alisema, akaifuta. "Hata miye naiogopa." Akasukuma karanga pembeni. "Lakini tunatafuta nini huku? CD yetu ya Kampala iko. Iko kwa kabati yako."

"Kabati haiko tena."

"Na CD?"

"Iko inafukuza ndege."

Godelive alitegemea Xavier angecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko hicho, amekaza mabega. Xavier alimtazama tu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeambiwa nyumba yao ya utotoni imebomolewa. Kisha akachukua ufunguo wa pikipiki ulioning'inia msumarini.

"Twende," alisema.

Shamba la Blanchard lilikuwa kwenye mteremko unaoshuka mtoni. Waliliona kabla hawajafika. Ilikuwa saa sita, jua limesimama wima, na upepo ulikuwa unapita juu ya mtama. Kutoka juu ya kilima palionekana kama mtu amemwaga vipande vya kioo hewani. Blanchard alikuwa amesimika miti kila hatua kumi, akafunga kamba kutoka mti hadi mti, na kwenye kila kamba CD zilining'inia kwa matundu yao ya katikati, zinazunguka, zinarusha mwanga wa rangi zote juu ya mashuke.

"Munaona?" Blanchard aliwapokea kwa furaha. "Hata ndege moja! Jirani yangu anasema nimepiga dawa."

Walipomweleza walichokuja kutafuta, alijikuna kichwa. Hakujua ipi iko wapi. Alizifunga jinsi zilivyotoka guniani.

Basi wakaanza kutembea mstari kwa mstari, Xavier upande huu wa kamba, Godelive upande ule, kila mmoja anashika CD, anaituliza, anaisoma, anaiacha. Jua lilikuwa limezila vibaya. Zile za kuchomwa kwa mkono zilikuwa zimepauka, nyingine zimebambuka ngozi, hazingesomeka tena na mashine yoyote. Lakini kalamu nyeusi bado ilionekana.

"Fataki, deux mille sept," Xavier alisoma. "Ile ya abbé mwenye aliogopa souris."

"Aliishika na kitambaa," Godelive alisema, akamwona tena yule padri na kipanya cha kompyuta.

"Mongbwalu. Hii ni ile siku daraja ilivunjika."

"Tulilala kwa Abdoul, muuza zahabu. Bibi yake alinipatia kitenge yake kavu. Sikumurudishia."

"Hukumurudishia?"

"Walihama. Nilimutafuta."

Waliendelea. Palikuwa na CD ya nyimbo za kwaya, na CD ya mitihani ya zamani, na moja iliyoandikwa kwa mwandiko wa Xavier: *Godelive asiguse*. Alimwonyesha. Xavier alisema hakumbuki kabisa ilikuwa na nini, na akafuta jasho usoni, labda ni jua. Godelive hakumsumbua. Alikuwa mjane tangu Ornella ana miaka mitatu, na Xavier alikuwa na mke wake mwema, Léontine, na mambo mengine ni heri yaachwe yazunguke kwenye kamba yake.

Katika mstari wa mwisho, karibu na matete ya mto, Godelive aliona mwanga usiofanana na mingine. Ulikuwa unabadilika: kijani, zambarau, kijani. Akaishika. Picha ndogo ya mgongoni ilikuwepo bado. Ndege mmoja asiye na adabu alikuwa ameitumia kama choo.

"Xavier!" aliita. Aliita jina tupu, kama zamani.

Blanchard aliikata kamba kwa kisu, huku ananung'unika kwamba pengo litaonekana. Godelive akavua hereni zake, zile kubwa za bati linalong'aa, akamfungia mahali pale. Blanchard akaona ni bei nzuri.

Walirudi mjini, CD imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa cha Godelive. Aliiosha kwa maji na sabuni, akaipangusa kutoka katikati kwenda pembeni, maana ukipangusa kwa kuzunguka unaiua. Hakutaka kuigusa tena mashine ya Masœur. Alivuta kompyuta yake ya zamani kutoka chini ya meza, ambako ilikuwa imegeuka kiti cha feni, akafuta vumbi, akaiwasha. Lekteri, ile droo ya CD, ilifungua mdomo kwa mlio wa bawaba kavu. Akaiweka CD, mdomo ukafunga, na ndani kitu kikaanza kuzunguka. Watu wa enzi hizi hawaujui mlio ule. Unaanza kama upepo, unapanda, unakuwa kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Mashine ilisoma, ikasoma, ikakwama. Faili moja haikupatikana. Walijaribu tena, ikakwama pale pale. Masœur alikuwa amekaa kwenye kona na rozari mkononi, midomo inatembea.

"Ni mukwaruzo," Xavier alisema, ameigeuza kwenye mwanga. "Hapa, unaona? Ornella, leta dawa ya meno."

Ornella alidhani amesikia vibaya. Alileta. Xavier alipaka kidogo kwa kidole, akasugua polepole, robo saa nzima, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Waliisuuza, wakaikausha, wakairudisha. Safari hii mashine ilipita pale ilipokwama kama gari linalotoka kwenye tope, na skrini ya bluu ikaendelea, sehemu kwa sehemu, mpaka iliposimama yenyewe na kuuliza ile namba ya siri.

Wote wawili walitazamana. Jalada halikuwepo. Lilitupwa siku ya gunia, na kopi zote za ile namba zilikuwa kwenye daftari iliyokwisha kuliwa na mchwa zamani.

"Weye uliandikaka," Xavier alisema. "Mara mia uliandika."

"Weye ulisomaka! Miye nilikuwa nasikiliza tu."

Godelive aliweka vidole juu ya herufi za kompyuta, akafumba macho. Vilitulia tu. Kichwa kilikuwa cheupe. Alihisi machozi yanamkaribia, si ya namba, ya kitu kingine asichokijua. Hapo Xavier akasogeza kiti, akakohoa, akatoa ile sauti yake ya barazani, sauti aliyokuwa akiitoa watu wamejaa dirishani:

"G sawa Gety!"

Vidole vya Godelive vikaruka vyenyewe. "Sept," alijibu bila kufungua macho.

"F sawa Fataki!"

"D sawa Djugu. Halafu, halafu kuko M sawa Mongbwalu."

"Deux."

"Deux, kweli. T sawa Tchomia!"

"R sawa Rethy, B sawa Bunia kwetu!"

Alipopotea yeye, Xavier alishika. Alipopotea Xavier, vidole vilijua. Walikosea mara mbili, mashine ikakataa, wakaanza upya kutoka Gety. Masœur alikuwa ameacha rozari na anaitikia miji kama litania. Mara ya tatu, baada ya herufi ya ishirini na tano, skrini ilipumua kidogo, ikakubali.

Godelive alifungua macho, akakuta Ornella amesimama na sufuria mkononi, anamtazama mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Alasiri ile ile waliiweka programu ya masajili, na ile programu, ilipomkuta mwenzake wa siku nyingi, ilifunguka bila ubishi. Wakahamisha faili kutoka kwenye mashine ya Masœur. Nyayo za kuku zikageuka majina. Masœur aliyasoma kwa sauti, na kwa karibu kila jina alikuwa na neno: huyu mama yake alikuja kwa miguu kutoka mbali sana, huyu alizaliwa amekaa vibaya, huyu baba yake alituletea kuni mwaka mzima kwa shukrani. Mapacha wawili alipita juu yao kimya, akafanya ishara ya msalaba, akaendelea.

Attestation arobaini na moja zilichapwa kesho yake, kwa sababu umeme ulikatika jioni ile, ukarudi saa nne asubuhi. Xavier alifanya pia jambo ambalo Godelive asingelifikiria: aliyatoa majina yote, miaka yote, akayaweka kwenye jedwali la kawaida ambalo mashine yoyote ingeweza kulisoma, ya jana au ya kesho. Akalituma mtandaoni kwa watawa wa mjini, akaliweka kwenye clé USB tatu, na Godelive akalichapa kwenye karatasi na kulifunga kitabu.

"Sasa hata hii CD hamutaihitaji tena," Xavier alimwambia Masœur.

Godelive alisikia. Ilikuwa kweli, na ilikuwa vizuri iwe hivyo. Hata hivyo kifuani palibaki wazi kidogo, kama mama anapomaliza kunyonyesha mtoto wa mwisho na anajua ni wa mwisho.

Masœur alirudi Gety Alhamisi, na Ijumaa jioni alipiga simu. Mtandao ulikuwa unakatika. Walichosikia ni kwamba watoto wote wameandikwa, na kwamba mama mmoja, Angélique, aliposhika karatasi ya binti yake alikataa kuikunja, akaibeba mikononi imenyooka hivyo hivyo mpaka nyumbani, kilomita saba.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumatatu, Godelive alichukua kompyuta yake ndogo ya kukunja, ile aliyokuwa ameinyima mfumo mpya kwa zaidi ya mwaka, akavuka barabara.

"Niwekee yako ya juu," alimwambia Xavier. "Nimechoka kuambiwa nimezeeka."

Xavier aliunganisha, akabonyeza. Mstari mdogo ukatokea, mbili kwa mia, tatu kwa mia. Wingu lilikuwa limefunga upande wa Gety na sahani ya paani haipendi mawingu. Nne kwa mia.

"Itachukua wakati," Xavier alisema, kama anayeomba radhi.

"Sina haraka."

Alimletea kiti. Baadaye alikwenda kwa mama wa pembeni akarudi na viazi vitamu vya kuchemsha, vimefungwa kwenye jani la mgomba, akaviweka katikati yao juu ya meza. Mvua ikaanza, matone makubwa makubwa juu ya mabati, na barabara ikawa tupu. Mstari ulisimama kwenye kumi na moja. Ilibidi waongee kwa sauti ya juu ili wasikilizane.

"Ile siku ya Fataki," Godelive alisema, anamenya kiazi, "yule abbé. Ni nani alimwambia souris inauma?"

Xavier alishusha macho.

"Xavier!"

"Nilikuwa kijana," alisema, akaanza kucheka, na akamweleza jambo zima tangu mwanzo.